Taa ya Juu

Landrova ya zahanati moja ya bonde la Ruvuma iliingia gereji Jumatatu asubuhi, mwezi wa sita mwaka wa sitini na tisa, imepakaa tope mpaka kwenye vioo. Fundi Raimundo alikuwa amelala chali chini ya lori la pamba. Aliitambua kwa mlio kabla hajaiona. Akatambaa akatoka, akajifuta grisi kwa tambara, akasimama kuwapokea wenye nayo.

Gereji ile ilikuwa mtaa wa Ufukoni, ua wa mabati wenye ukuta mmoja wa mawe uliopakwa chokaa. Raimundo hakuwa mwenye gereji. Alikuwa fundi wa umeme tu, lakini mtu yeyote wa Mtwara mwenye gari linalozima taa njiani au betri isiyoshika moto alimtafuta yeye kwa jina. Alikuwa na miaka kama arobaini, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, mwenye chale mashavuni na sauti ndogo. Miaka minane alikuwa amekaa mjini hapo, na hakuna aliyewahi kumsikia akigombana na mtu.

Dereva, Saidi wa Mpapura, alimfahamu siku nyingi. Mwanamke aliyeshuka upande wa pili ndiye aliyekuwa mgeni kwake. Alikuwa mrefu, amevaa gauni jeupe la kazi na viatu vya raba, na mkoba wa dawa begani.

"Huyu ni Madalena, mkunga wetu," alisema Saidi. "Ni wa kwenu huyo, ng'ambo."

"Shikamoo, kaka," alisema Madalena, kisha akaendelea kwa Kimakonde, akamwuliza habari za nyumbani kwake na za kazi. Raimundo alifurahi. Katika gereji ile lugha yake aliizungumza na nafsi yake tu.

Walikuwa wamekuja kufungiwa taa. Saidi ndiye aliyeeleza sababu, ameegemea boneti, macho yake yanatazama chini.

Mwezi wa tatu, mvua zilipokuwa zimepamba moto, aliletwa zahanati mama mmoja kutoka kwenye visiwa vya mdomoni mwa mto. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Madalena aliona mara moja kwamba pale hapana la kufanya, inatakiwa hospitali kubwa mjini. Wakampakia, wakaondoka. Hawajafika maili mbili, ukungu ukashuka bondeni, mzito kama uji. Saidi aliwasha taa kubwa. Barabara ikapotea kabisa, mbele pakawa peupe. Akazizima, pakawa peusi. Kushoto na kulia ni majaruba ya mpunga yaliyojaa maji.

"Basi dada huyu akashuka," alisema Saidi. "Akachukua kandili, akatembea mbele ya gari. Mimi nafuata kandili. Maili nane, fundi. Anatumbukia, anainuka, anatembea. Mama yule anapiga kelele huku nyuma, kisha akaacha kupiga kelele. Tulipofika mama alikuwa hai. Mtoto alikuwa ameshakwenda."

Madalena alikuwa anatazama ukuta wa chokaa kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa pale.

Saidi alifungua sanduku nyuma ya gari, akatoa taa mbili kubwa, za mviringo, kila moja kama sahani ya wali. Mwenyekiti wa kamati ya kijiji alikuwa amezichagua mwenyewe, kwa ukubwa wake. Raimundo alizigeuza mkononi, akachungulia lile bakuli linalong'aa ndani, akatikisa kichwa.

"Hizi ni taa nzuri," alisema. "Lakini ni za kuona mbali. Mkizifunga hizi, ukungu ukija mtaona ukungu vizuri zaidi."

Saidi alimtazama asielewe. Raimundo aliwaita wote wawili ndani ya stoo, mahali pa giza, akamwomba Madalena kipande cha shashi, kitambaa cha kufungia vidonda, kutoka mkobani mwake. Akamwambia Saidi akishike mbele ya uso. Akawasha kurunzi, akaiweka karibu na jicho la Saidi.

"Unaona nini?"

"Shashi."

Akaishusha kurunzi mpaka magotini, akaielekeza chini kidogo. "Na sasa?"

"Naona miguu ya dada," alisema Saidi, na sauti yake ikapanda. "Naona mpaka kamba za viatu!"

"Ndivyo ulivyo ukungu. Mwanga ukitoka juu, karibu na macho yako, unagonga ule weupe unakurudia. Ukitoka chini, unapita chini yake. Kwa hiyo mnataka taa pana, si taa ndefu. Zikae chini ya bampa, zilale, zitandaze mwanga pembeni mwone kingo za barabara. Mimi napenda za rangi ya manjano, hazichomi macho. Kuona mbali hakuna maana kwenu. Ndani ya ukungu hata kwenda kasi huwezi."

Walikwenda pamoja mpaka duka la vipuri karibu na bandari, na mwenye duka akakubali kubadilisha bila maneno mengi. Raimundo hakuchukua jozi ya kwanza aliyopewa. Alizichukua taa nne za manjano, akazipanga juu ya meza, akavibonyeza vioo kwa kidole gumba kuona kama vimekaa imara kwenye mpira wake, akanusa hata nyuma ya balbu kama kuna kutu. Mbili alizikataa kwa sababu mpira ulikuwa umekauka. Maji ya majaruba yangeingia siku ya kwanza. Alichagua zenye kioo cha mistari ya kusimama, ile mistari inayoupasua mwanga na kuutawanya.

Alikuwa bado anazifunga katika gazeti aliposikia Madalena nyuma yake.

"Na hii."

Alikuwa ameshusha taa kutoka rafu ya juu. Ilikuwa taa moja nyeupe, yenye shingo na mkono wa chuma nyuma, ya kufunga juu ya gari na kuzungushwa na mtu aliyesimama ama aliyekaa ndani. Aliushika ule mkono wa chuma kwa vidole viwili, mbali na mwili wake.

"Naijua taa ya namna hii," alimwambia Raimundo kwa Kimakonde. "Kule ng'ambo, kwenye shamba la mkonge tulikokuwa tukifanya kazi, bwana wa shamba alikuwa nayo juu ya gari lake. Ilitutafuta usiku tulipotoroka. Mimi iliniruka. Kaka yangu Domingo ilimpata."

Raimundo aliulizia jina la shamba, ingawa alikwisha kulijua jibu. Madalena akalitaja.

Raimundo aliliacha gazeti. Akashika ukingo wa meza.

"Dainamo haitamudu," alisema. "Dainamo ya Landrova ni ndogo. Taa kubwa, taa za ukungu, vifutio vya vioo, na hiyo tena? Betri itakufa njiani."

Alisema kweli, lakini si kweli yote. Madalena alimtazama kidogo, kisha akailipia taa ile kwa fedha za kamati akaitia mkobani.

*

Ilikuwa hivi. Mwaka wa hamsini na tisa Raimundo alikuwa fundi wa magari kwenye shamba lile la mkonge. Alikuwa amejifunza umeme kwa Mgoa mmoja, na bwana wa shamba alimpenda kwa sababu kazi yake hairudiwi. Mwezi wa kumi na moja bwana alileta taa kutoka bandarini, akamwambia aifunge juu ya Landrova. Akasema ni ya nguruwe pori wanaofukua mihogo. Raimundo aliifunga, na kwa kweli aliona fahari. Aliupitisha waya ndani ya nguzo ya mlango usionekane, akatengeneza shingo yake izunguke bila kukwaruza. Bwana alimpa suruali.

Kabla ya mwezi kwisha alijua kwamba hakuna nguruwe. Watu walikuwa wanatoroka shambani kuelekea mto, kwa makundi madogo, kuja huku. Wanyapara walipanda gari usiku, mmoja akishika taa. Waliorudishwa walirudishwa wamefungwa kamba, na wengine hawakurudishwa. Raimundo alikaa kibandani kwake akisikia gari likitoka, akisikia likirudi.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata balbu iliungua. Gari likaletwa kwake. Angeweza kusema balbu hakuna. Angeweza kukata waya mahali ambapo mtu mwingine asingepaona. Aliyafikiria yote hayo akiwa na bisibisi mkononi, na mnyapara amesimama mlangoni anavuta sigara. Kisha akatia balbu mpya, akaijaribu, ikawaka.

Yeye mwenyewe alitoroka mwaka mmoja baadaye, mchana, akiwa amepanda lori la shamba lenyewe kwa kisingizio cha kwenda kuchukua vipuri. Tangu hapo hakumwambia mtu habari ile, si padri wala mke wake Amelia aliyemwoa Mtwara. Katika miaka minane, kila alipoletewa taa ya juu alitafuta sababu, na sababu za fundi haziishi.

*

Jumanne alizifunga taa za ukungu. Kwanza alipima kwa kamba kutoka katikati ya bampa kwenda kila upande, akapima mara ya pili, akaweka alama ya chaki. Alitoboa kwa keke, taratibu, akipaka mafuta kila chuma kilipoanza kulia. Chini ya kila nati aliweka washa mbili na kipande cha mpira wa tairi, kwa sababu barabara ya bondeni ina matuta na taa inayotikisika inageuka geuka yenyewe mpaka inamulika miti. Waya aliupitisha mbali na bomba la moshi. Kila mahali ulipopenya kwenye bati aliuvika mpira, usije ukasuguliwa na ncha za bati ukapiga shoti. Akaweka fyuzi, akaweka swichi karibu na goti la Saidi, mahali ambapo mkono wa dereva unafika bila macho kuondoka barabarani.

Madalena alikuwa hospitalini mchana kutwa akichukua dawa. Aliporudi, jua limeshuka, walikuwa tayari kuzipangilia taa. Raimundo aliliweka gari hatua kumi kutoka ukuta wa chokaa, akachora mstari wa mkaa ukutani kwa kimo cha taa, kisha mwingine chini yake, upana wa kiganja. Aliziwasha. Mwanga wa manjano ukalala ukutani, mpana, umekatwa juu kama kwa rula. Akalegeza nati, akasukuma kwa ncha ya kidole mpaka mwanga ukashuka kwenye mstari wa chini, akakaza. Upande wa kushoto aliugeuza nje kidogo, kwa sababu ndiko mtaro uliko.

"Hapo hapo," alisema Saidi. "Usiguse tena." Alicheka kwa furaha, akaangalia mbingu, akasema adhana imempita, akaenda haraka msikitini.

Madalena alitoa ile taa mkobani, akaiweka juu ya boneti.

"Bado hii."

"Nilikwambia, dada. Dainamo."

"Nimemwuliza fundi wa gari la wagonjwa pale hospitali. Amesema ikiwashwa kidogo kidogo, na nyingine zimezimwa, hakuna neno. Swichi yake iwe peke yake." Hakuwa na hasira. "Kaka Raimundo, taa za chini zinanitosha barabarani. Lakini watu wangu hawako barabarani. Wanavuka mto kukimbia vita, wanaingia kwenye mikoko na matete, wanajificha humo. Wana wagonjwa, wana wajawazito. Gari likipita wanalala chini kimya, kwa sababu gari wanalolijua wao ni la kule. Nitawaonaje?"

"Wakiiona hiyo watakimbia zaidi."

"Labda."

"Wakimbie na mjamzito? Waingie kwenye maji?"

"Kwa nini hutaki kuifunga?" aliuliza Madalena.

Raimundo hakuitaja tena dainamo. Alizizima taa za ukungu. Ua ukabaki na mwanga mchache wa magharibi. Akakaa juu ya tairi kuukuu, na kwa ile sauti yake ndogo akamweleza yote: ile taa, ile fahari, wale nguruwe wasiokuwapo. Alipofika kwenye balbu alisita, akajikaza, akasema.

"Kuifunga, niliifunga sijui. Balbu niliibadilisha najua."

Madalena alikuwa amesimama kando ya gari. Aliuliza, na sasa alisema Kiswahili, kama anavyosema na wagonjwa asiowafahamu.

"Uliibadilisha lini?"

"Mwezi wa tatu. Mwishoni."

"Sisi tulitoka wiki ya Pasaka. Mwezi wa nne." Alihesabu kwa vidole, ingawa hapakuwa na cha kuhesabu. "Tulikuwa tumelala kwenye majani, ubavu kwa ubavu. Mwanga ulipita ukarudi. Ulikuwa unanijia mimi. Domingo akasimama. Alinyanyua mikono, akatembea kuufuata, kama mtu aliyeitwa. Ukabaki juu yake. Mimi nikatambaa mpaka majini. Sikumwona tena. Mpaka leo sijui walimfanya nini."

Raimundo alishuka kutoka kwenye tairi, akapiga magoti mchangani.

"Inuka," alisema Madalena. "Usiniombe msamaha. Wa kuombwa ni Domingo, na hayupo. Mimi sina cha kukupa." Aliichukua ile taa juu ya boneti, akamkabidhi. "Funga taa. Uifunge wewe, asiifunge mtu mwingine. Na tukienda mara ya kwanza utakuja, utaishika wewe."

Akaenda zake kulala kwa shangazi yake Saidi, akiwa ameuacha mkoba juu ya kiti. Saidi aliporudi kutoka msikitini alimkuta fundi bado yuko pale pale, gizani, ameipakata ile taa.

*

Aliifunga Jumatano. Bati la juu ya Landrova ni jepesi, halibebi kitu, kwa hiyo alikata kipande cha chuma cha kuweka ndani na kingine cha kuweka nje, akalibana bati katikati, akakaza kwa bolti nne, akaziba kwa mpira na rangi ya mafuta mvua isipenye. Aliiweka nyuma kidogo ya kioo, upande wa abiria, kando ya kidirisha cha juu, mwanga wake usianguke juu ya boneti ukamrudia dereva. Shingo aliipaka grisi, akaizungusha kulia, akaizungusha kushoto. Haikukwaruza. Mikono yake ilikuwa bado inaijua kazi ile.

Siku nne baadaye Saidi alimfuata. Mvuvi wa kamba alikuwa ameleta habari zahanati: kuna watu kwenye mikoko upande wa mdomo wa mto, wana siku mbili au tatu, amesikia mtoto mchanga akilia, na alipowaita walinyamaza. Raimundo alimuaga Amelia kwamba anakwenda kujaribu gari. Walilala zahanati, wakaondoka saa kumi alfajiri ili maji ya bahari yawe yamekupwa watakapofika.

Ukungu ulikuwa umejaa bondeni. Saidi alizima taa kubwa, akawasha za manjano, na barabara ikafunguka mbele yake, kingo zote mbili, majani ya mtaroni, hata chura mmoja aliyekaa katikati. Saidi alisema "Alhamdulillahi" polepole, akaendelea kuendesha. Madalena alikaa katikati, mkoba mapajani, na bega lake halikumgusa Raimundo hata gari liliporuka.

Barabara iliishia kwenye mchanga. Mbele yao kulikuwa na uwanda wa tope, na ng'ambo ya tope mikoko, myeusi. Ukungu huku ulikuwa mwepesi, upepo wa bahari umeupunguza. Saidi alizima injini na taa zote. Walisikia maji yakidondoka kwenye majani, basi.

Raimundo alisimama, akatoa kichwa na mabega kupitia kidirisha cha juu, akaushika ule mkono wa chuma. 

"Niimulike wapi?" aliuliza. "Nianzie kulia?"

Madalena alikuwa ameshashuka. Alivua viatu, akavitia ndani ya gari.

"Usiwamulike wao," alisema. "Nimulike mimi."

Akatembea kuingia kwenye tope. Raimundo hakuelewa mpaka Madalena alipokuwa amefika hatua ishirini. Hapo akaelewa kwamba anataka waliojificha wamwone yeye. Aliiwasha taa. Mwanga mweupe ukachomoka, ukamkuta Madalena mgongoni, gauni lake likawaka. Alisimama katikati ya duara lile, tope limemfika magotini. Akageuka polepole pande zote, mwanga ukampiga usoni, akafumba macho, akayafumbua. Akanyanyua mikono yote miwili, wazi, ionekane haina kitu.

Kisha akaanza kuita kwa Kimakonde. Alisema yeye ni Madalena. Alitaja jina la baba yake, la mama yake, la mjomba wake, la kijiji alichozaliwa na mto mdogo unaopita pale. Alisema yeye ni mkunga, ana dawa, na hao wenye gari ni watu wake. Alisema: kama hamniamini, bakini huko mniangalie. Mimi nitasimama hapa mpaka mchoke kuniangalia.

Raimundo aliishika taa. Aliona chale zilizo shavuni mwa yule mwanamke, aliona kivuli chake kirefu kinavyokwenda mpaka kwenye mikoko. Machozi yalimtoka, hakuwa na mkono wa kuyafuta. Mara moja alitaka kuigeuzia taa kando, walau pumzi moja, ampumzishe macho. Hakuigeuza. Aliikaza kwa mikono miwili isitetemeke, maana ikitetemeka wao huko wangemwona mtu anayeogopa.

Ilichukua muda wa kutosha mashariki kupata rangi ya majivu. Ndipo sauti ya mwanamke ikajibu kutoka kwenye mikoko, neno moja, jina la ule mto mdogo. Madalena alijibu. Sauti ikauliza tena, akajibu tena. Na watu wakaanza kutoka, si mahali pale walipokuwa wanapatazama, bali kushoto kabisa, karibu sana na gari, wanaume wawili, mwanamke mzima, watoto watatu walioshikana mikono, na mwisho msichana aliyejifunga kaniki, mtoto mchanga kifuani.

Msichana yule aliitwa Ilda. Alikuwa amejifungulia humo humo, juu ya mizizi, maji yakijaa. Alikuwa na homa kali, lakini mtoto ananyonya. Madalena alimkalisha nyuma ya gari, akampima, akamtazama mtoto kwa mwanga wa kurunzi, akaanza kufanya kazi kwa haraka, bila maneno. Mwanamke mzima, mama yake Ilda, ndiye aliyesema kwamba kuna mwingine kule ndani, mume wake, mzee Francisco. Amefariki jana mchana. Juzi walisikia gari likipita barabarani, waliona taa zake, wakalala kifudifudi. Mzee alikuwa bado hai wakati huo, alikuwa anataka maji.

Saidi aliposikia hivyo alitoka, akaenda kusimama nyuma ya gari peke yake. Juzi yeye ndiye aliyepita.

Raimundo alizima taa. Kulikuwa kumekucha. Alishuka, akawafuata wale wanaume wawili kwenye mikoko, wakamtoa mzee, wakambeba juu ya matawi mpaka kwenye mchanga mkavu. Alikuwa mwepesi sana. Wanakijiji wa karibu, waliopelekewa habari, walikuja na majembe, Waislamu wa pale, wakaonyesha mahali palipoinuka ambapo maji hayafiki, wakauliza mila ya marehemu ni ipi ili wasikosee.

Ilda alihitaji kuondoka. Saidi aliwasha injini. Kabla ya kupanda, mama yake Ilda alimtazama Raimundo, aliyekuwa tayari amevua shati na kushika jembe, akamwuliza Madalena, "Ndiye aliyekuwa ameshika taa?"

"Ndiye," alisema Madalena. "Anaitwa Raimundo. Ni fundi." Akamsaidia mama yule kupanda, akafunga mlango.

"Fundi, twende," aliita Saidi. "Watamaliza wao."

"Nendeni. Nitarudi na lori la makopa ya muhogo kesho."

Gari likaondoka. Mchanga wa pale ulikuwa laini juu, lakini chini ulikuwa na mizizi ya zamani, na kila walipoingia kina cha mkono maji ya chumvi yalianza kuchuruzika. Wanaume wakashauriana, wakahama hatua kumi na mbili juu zaidi, karibu na mkorosho, wakaanza upya. Raimundo alichimba mpaka jua likawa la utosi. Mmoja wa wale wanaume wawili alipomwambia ampokee jembe, alimwambia apumzike kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyetembea kutoka mbali.